Jogoo wa Mazuku

Mama Mukagasana wa Kalengera alikimbia risasi, akakimbia mabomu, akalala njiani mvua ikimnyeshea, akafika Goma miguu imevimba. Lakini kulala chini ya paa la mkwe wake, hilo aliapa halitaonekana. Msimcheke mapema. Kwao mama mkwe na mkwe wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawali mezani pamoja, hawatazamani usoni ovyo, na kulala nyumba moja, loo, hilo hata kulitaja ni aibu. Desturi hiyo imekutana na vita vingi huko Rutshuru. Vita vimekuja na kupita, yenyewe ingali palepale.

Na kinachouma ni kwamba nafasi yake ilikuwapo. Binti yake Uwizeye na mumewe Cirimwami, Mushi kwa kabila, wa upande wa Bukavu, walikuwa wamejenga nyumba ya mbao kule Buhene, pembeni mwa Goma, na nyuma yake wakaongeza chumba chenye mlango wake na paa lake, cha mama akija. Jumamosi ile ya mwezi wa tano, mwaka wa 2021, volkano ya Nyiragongo ikapasuka ubavuni, moto ukashuka mpaka Buhene. Nyumba ikaenda, chumba cha mama kikaenda, na parsele, kile kiwanja chao, leo ni mawe meusi ambayo hata mbuzi anayapita bila kusimama. Wakapanga mtaa wa Majengo, chumba kimoja cha kulala na saluni ya kuketi wageni, choo cha kushirikiana na majirani. Mwaka uliofuata waasi wakachukua Rutshuru na Kiwanja. Kalengera iko barabarani kabisa, na jeshi likipita barabarani, mwenye nyumba hapo hana pa kujificha. Ndipo mama akaja, godoro kichwani, kuku kwapani.

Cirimwami alimpokea kwa adabu zote, amesimama pembeni ya mlango, uso ameuelekeza ukutani.

"Mama, vita ni vita. Ingia ndani, upumzike."

Mama alikuwa ameketi uani juu ya jiwe, anamtazama kuku wake badala ya kumtazama mkwe. "Uwizeye, ambia bwana yako aksanti sana. Nimekula, nimeshiba. Kulala, nitalala Mugunga na batu wengine."

"Batu banakufa njiani, mama, na weye unaniogopa miye?" mkwe aliuliza.

"Sikuogopi. Ninakuheshimu. Kama ni kuogopa, ningekimbilia mbali zaidi."

Basi, ukibishana na jibu kama hilo, utabishana peke yako. Walimpeleka Mugunga.

Kambi ya Mugunga imekaa juu ya mawe ya volkano, makali, yanayokata viatu. Mahema yamebanana mpaka mtu akikohoa, jirani anamwambia pole. Waliochelewa kufika walikosa mahali. Mama akazunguka, akazunguka, mwishowe akaona kibonde kidogo: udongo laini, nyasi za kijani, upepo haufiki, na watu wachache tu. Akashangaa wenzake ni wajinga kiasi gani kuacha mahali pazuri hivyo.

Muzee Ndagijimana, ambaye hema lake lilikuwa juu, ukingoni mwa kibonde, alimwambia palepale. "Mama, hapo kuna mazuku."

Sisi wa Goma hatuhitaji kuelezwa mazuku, lakini kwa aliyetoka mbali: ni hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi ya volkano. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito, inatuama mabondeni kama maji, hasa asubuhi na jioni kukiwa na ubaridi na upepo umelala. Mtu aliyesimama anaweza kupita salama, na mbwa aliyeko miguuni pake akaanguka. Anayelala chini, ndiye halali yake.

"Ninajua mazuku," mama alisema. "Nitalala na kuku chini ya kitanda. Kuku akianguka, miye ninatoka."

"Na kama munaanguka pamoja?"

"Basi, mutatuzika pamoja."

Ndagijimana akacheka, lakini alipokutana na Uwizeye hakucheka tena. Alimweleza yote. Kiongozi wa kambi naye aliahidi kumtafutia mama mahali pengine, juu kwenye mawe. "Mungoje," alisema, na sisi tunajua neno hilo linavyotanuka.

Uwizeye alikuwa fundi huko Birere, mtaa wa biashara mjini Goma, anatengeneza simu, redio na taa za jua. Alisomea kompyuta chuoni miaka michache, karo ikakatika, ujuzi ukabaki. Na ukaidi aliurithi, hamna haja ya kuuliza kwa nani. Njia nzima ya kurudi, nyuma ya pikipiki, alikuwa na wazo moja tu: mama hatatoka kwa maneno, basi atatolewa na kelele. Angetengeneza mashine ya kunusa mazuku, iwekwe kitandani, ilie kabla mama hajalala usingizi usio na kuamka.

Kihisi cha kupima hewa hiyo alikuwa nacho, kizee, kilichotolewa kwenye chombo kibovu ambacho mteja mmoja hakurudi kukichukua. Alikuwa pia na kibao chenye mikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha: Mchina asiye na jina, bei poa, kumbukumbu finyu. Kilichobaki kilikuwa kukipa akili.

Hapo Uwizeye akachagua njia ambayo mafundi wenzake waliiona ya wazimu. Alitaka kuweka ndani ya kibao mkalimani wa Lisp. Lisp ni lugha ya kompyuta ya tangu zamani, yote mabano, yanafunguliwa na kufungwa kama sufuria na vifuniko. Kifuniko kimoja kikikosekana, hakuna chakula. Na mkalimani ni programu inayokaa ndani ya kibao, ukiiandikia neno inalielewa na kukujibu palepale. Kwa njia ya kawaida, ukitaka kubadilisha jambo dogo tu lazima ubebe laputopu, upike programu upya, yaani uigeuze kuwa lugha ya mashine, uimimine tena. Sasa jaribu kupita vizuizi vya barabara ya Sake, inayopita Mugunga, wakati huo, kila kizuizi na askari wake, wewe mwanamke na laputopu na nyaya na kitu kinachowakawaka. Mtu atakuuliza kama ni bomu, na si kwa mzaha. Lakini simu na waya wake, nani hana? Kukiwa na mkalimani, Uwizeye angekaa hemani kwa mama, achomeke simu, akiulize kibao maswali na kukipa amri kama anazungumza na mtu.

Tatizo, mkalimani aliyekwisha kupikwa kwa ajili ya kibao chake hakuwapo duniani. Alichokuwa nacho ni msimbo wake wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, alioupakua enzi za chuo na kuuhifadhi kwenye flashi. Ilibidi ausome, aongeze sehemu ya kueleza kibao chake kikoje, miguu yake ya chuma ipi inafanya nini, kisha aupike mwenyewe. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Aliyaoga majuma kadhaa. Alikaa nyuma ya duka lake la Birere na laputopu iliyofungwa kwenye batri ya gari, kwa sababu batri yake ilikufa zamani. Kila akipika, skrini inajaa makosa. Hapa amesahau kutaja mguu, hapa msimbo unadai kitu ambacho Mchina wake hana. Anasahihisha, anapika tena, umeme unakatika, batri inalia, anaanza upya. Alikuwa anatukana kwa Kinyarwanda, lugha anayoitumia kusali na kutukana tu.

Siku makosa yote yalipokwisha, likatokea la mwisho: mkalimani mzima haenei. Kibao kidogo, yeye mkubwa.

"Kata," Cirimwami alisema. Yeye alikuwa karani bandarini, msimbo hakuujua, lakini alikuwa amempelekea mkewe chakula na akataka kuonekana ana shauri. "Si unakata mahali nguo imezidi?"

Uwizeye akaanza kukata. Hesabu za pembe na duara, nje. Kuchora picha, nje. Bado haenei. Akapitisha macho kwenye sehemu zilizobaki, akaona moja nene: sehemu ya kuhifadhi. Hiyo kazi yake ni kuandika kila kitu ambacho mkalimani anakijua mahali pasipofutika, ili umeme ukizimika, asisahau. Programu yake ya mazuku alikuwa ameishona ndani ya msimbo wenyewe, ingewaka kila kibao kikiwaka. Kuhifadhi nini tena?

"Hiyo unayokata, kazi yake nini?" Cirimwami aliuliza, mdomo umejaa maharagwe.

"Kukumbuka mambo umeme ukizimika."

"Na hapa Goma umeme hauzimikake?"

"Hii ni ya batri, Papa Cédrick! Nani atazima batri?" alisema, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

Wakacheka wote wawili. Akakata. Safari hii mkalimani akaenea, tena na nafasi kidogo ikabaki. Akachomeka simu, akaandika mabano, alama ya kujumlisha, mbili na tatu. Kibao kikajibu: 5. Uwizeye alipiga kelele hadi muuza simu wa ng'ambo ya njia akaja kuuliza nani amekufa. Hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, na yeye machozi yanamtoka! Lakini hesabu ile ilifanyika ndani ya akili aliyoijenga kwa mikono yake, na aliona fahari, na ilikuwa haki yake.

Programu ya mazuku ilikuwa fupi. Kwa kuwa kihisi ni kizee na vipimo vyake vinateleza, kila kibao kikiwaka kilipima hewa ya pale kilipo, kikaiita hewa safi. Baada ya hapo kilipima tena na tena, na hewa ikiwa mbaya mara kumi ya ile safi, kinalia. Ngojeni hapo hapo, kwa sababu kosa lote limo katika maneno hayo machache, na yeye mwenyewe hakuliona.

Alikiwashia ukingoni, mbele ya hema la Ndagijimana, upepo unapiga. Akateremka nacho kibondeni, akakifunga kwenye mguu wa kitanda, chini, mazuku yanapokaa. Kumwonyesha mama, akakipulizia pumzi yake mwenyewe. Kikalia, sauti inapasua masikio, watu wakatoka mahemani. Mama akapiga makofi.

"Eh! Ni jogoo!" alisema, na jina likabaki.

"Mama, usimuzime. Umenisikia? Batri ikikaribia kwisha nitakuja kuibadilisha."

"Nimesikia, mama yangu, nimesikia."

Alisikia. Ila Mama Mukagasana alikuwa ametunza mshumaa nusu tangu Kalengera, na simu yake aliizima kila akimaliza kuongea, ili isile moto wa batri. Mwanamke aliyekua hivyo, umwambie aache kitu kinawaka mchana kutwa na yeye yuko kisimani au kwenye foleni ya unga? Haiwezekani. Binti yake alipoondoka tu, alimzima Jogoo, na tangu hapo kila asubuhi vilevile. Kila jioni, akipanda kitandani, alimwasha. Wala hakuona kama anakaidi. Aliona anamsaidia binti yake.

Jogoo hakulia. Juma likapita, mwezi ukapita, kimya, taa yake ya kijani inatazama gizani. Mama akaanza kutamba. "Banasema hapa ni pabaya. Jogoo anasema ni pazuri, na Jogoo hasemi uongo, alitengenezwa na mutoto wangu." Kiongozi wa kambi alipomletea habari njema kwamba mahali pamepatikana juu, kwenye mawe, mama akakataa. Kulala juu ya visu, ya nini? Wakapewa wengine. Familia mbili, kwa kuona mama amekaa salama, zikateremka na kujenga karibu naye. Na kuku, ambaye sasa hana kazi, mama akampeleka Majengo mwenyewe, akamwacha mlangoni kama zawadi ya mkwe. Cirimwami alifurahi mno. Akamjengea kibanda, akakataa katakata achinjwe.

Uwizeye naye alilala usingizi mzuri. Mashine yake inafanya kazi, mama yake yuko hai. Kwenye simu mama alilalamika kichwa tu, kinauma kila asubuhi. "Ni mawazo," alisema. "Ni vita hii." Uwizeye akafikiri malaria. Asubuhi moja mapema, ukungu haujainuka, akapanda pikipiki na dawa mkobani.

Alipofika ukingoni aliita. Kibondeni kimya. Aliita tena. Ndagijimana akatoka, akatazama chini, akaona panzi wamelala kwenye nyasi, hawaruki.

"Usikimbie," alimwambia. "Ukihema sana, na weye unaanguka. Vuta pumzi hapa juu, ufunge kinywa, tushuke, tumutoe."

Walishuka. Mama alikuwa chali kitandani, kinywa wazi, mkono mmoja umening'inia. Chini ya mkono huo, Jogoo, taa ya kijani, kimya. Wakambeba na godoro lake, mmoja kichwani, mwingine miguuni, wakapanda, wakaanguka naye juu ya mawe. Ndagijimana akarudi kuamsha familia zile nyingine, ambazo vitanda vyao viliinuka juu zaidi kutoka ardhini. Walitoka wenyewe wakipepesuka. Uwizeye alimpiga mama makofi mashavuni, akamwita Mama, akamwita Mukagasana, akamwita kwa jina la utotoni ambalo mtoto hapaswi kulitamka. Upepo wa asubuhi ukavuma. Mama akakohoa, akatapika, akafungua macho.

"Juu ya nini unanipiga?" aliuliza.

Uwizeye alilia kwa kwikwi, amemkumbatia, hajali nani anatazama. Alikuwa na hofu, na chini ya hofu alikuwa na hasira: hasira na kile chombo.

Jua lilipopanda na mazuku yakapungua, alishuka akakileta kama kilivyo, bila kukizima. Akachomeka simu. Kwanza aliomba kipimo kikubwa kuliko vyote, cha alfajiri ile. Kikajibu: elfu sitini, yaani sehemu elfu sitini za hewa hiyo mbaya katika kila milioni. Hewa ya kuua. Kihisi kilinusa vizuri kabisa! Basi kwa nini kilinyamaza? Akaandika neno moja, jina alilolitunga mwenyewe: hewa-safi. Yaani alimwuliza Jogoo, wewe, hewa safi unaijua ni ipi?

Hewa ya watu wote duniani ni mia nne na kitu. Jogoo akajibu: elfu nane.

Akapiga hesabu. Mara kumi ya elfu nane ni elfu themanini, na elfu sitini haijafika. Mashine haikusema uongo. Ilifundishwa kwamba sumu ya jioni ndiyo hewa ya nyumbani, ikaamini, ikalinda nyumba kwa kipimo hicho.

"Mama, ulimuzima?"

"Kila asubuhi. Awake bure mchana, kunilindia nani?"

"Na jioni unamuwashia wapi?"

"Si kitandani? Wapi tena?"

Uwizeye hakumgombeza. Angemgombezaje? Mama alifanya ambalo kila mama wa Kivu angefanya. Aliyejua kwamba chombo kikizimwa kitasahau ni yeye, na sehemu ya kukumbuka aliitupa kwa mkono wake, akicheka. "Ni miye," alisema. "Mama, ni miye nilitaka kukuua." Mama akamwambia anyamaze, aache maneno ya kanisani, amletee chai.

Akarudi Birere, akafungua msimbo tena. Safari hii sehemu ya kuhifadhi aliirudisha kwanza kabla ya kugusa kingine, na ndipo akatafuta la kukata. Alilipata mbele ya macho yake: maelezo ya kila amri, marefu, ya Kiingereza kitupu, yamejaa tele ndani ya mkalimani. Mara ya kwanza aliyaacha kwa sababu yalimpendeza. Nani Mugunga angeyasoma? Nje yote. Akapika, makosa yakaja, akayasahihisha, umeme ukakatika, akangoja, akapika tena. Mkalimani akaenea na kumbukumbu yake. Akakipeleka kibao ukingoni mwa ziwa, upepo wa mchana unatoka majini, akakifundisha hewa safi mara moja tu, akahifadhi. Akakizima, akakiwasha, akakiuliza. Kikakumbuka. Akakizima na kukiwasha mpaka kidole kikauma; kikakumbuka. Ndipo akatoa swichi kabisa, akalehemu nyaya zake pamoja, pasiwepo pa kumzimia.

Siku hizo mama alikuwa amebanwa hemani kwa Ndagijimana, kati ya wajukuu wa muzee wanaopiga mateke. Alipomwona Jogoo amerudi, akaanza kukunja godoro lake.

"Unaenda wapi?" Uwizeye aliuliza.

"Kwangu. Si umemutengeneza?"

"Nimemutengeneza akuambie utoke, mama! Si akae na weye!"

"Tutasikia atasema nini."

Uwizeye alikaribia kupiga magoti. Alimwambia juu ya nyumba, juu ya Cirimwami aliyekuwa ameapa kuhamia dukani ili amwachie paa. Hilo ndilo lilimkasirisha mama zaidi. Kumfukuza mwanaume nyumbani kwake kwa sababu ya kitako cha mama mkwe? Afadhali mazuku. Na mahali kule juu kwenye mawe pamekwisha kuchukuliwa. Akateremka.

Jogoo alianza jua likiwa linainama. Akalia. Mama akangoja anyamaze, hakunyamaza. Akatafuta swichi, hakuna. Akamfunga blanketi, akamfunika na sufuria, akamwekea jiwe juu ya sufuria. Sauti ikatoka vilevile, sasa na mwangwi. Familia zile mbili zilitoka na vyombo vyao, zikapanda juu bila kuuliza. Ndagijimana alisimama ukingoni na watu wengi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Mama aliketi kitandani akimsikiliza. Kisha akauliza, polepole, "Kila jioni alipaswa kulia hivi?"

"Kila jioni," Uwizeye alisema kutoka mlangoni. "Tangu siku ya kwanza."

Mama alifunua sufuria, akamchukua Jogoo mkononi, akaweka godoro kichwani, akapanda. Alipofika kwenye mawe kelele zikakatika, naye hakusimama. Ndagijimana akawaitia pikipiki mbili, moja ikabeba godoro.

Walifika Majengo kabla ya saa ya kufunga barabara. Cirimwami alikuwa uani, anamtupia kuku mahindi. Alipomwona mama mkwe langoni, akageuza uso, akaingia ndani mbio, akatoka na mkeka wake kwapani na blanketi begani. Akapita ukutani ukutani, macho chini, kuelekea lango.

Mama alikuwa amechuchumaa. Amemweka Jogoo ardhini, katikati ya uwanja, na mkono ameuinua watu wanyamaze. Wakangoja wote. Taa ya kijani. Kuku akaja akamdonoa Jogoo, akaondoka.

"Hapa hasemi kitu," mama alisema.

Kisha akainuka, akamtazama mkwe wake usoni, wazi, kama anavyotazamwa mtoto wa kuzaa. Cirimwami alisimama pale na mkeka wake, hajui aweke wapi macho.

"Papa Cédrick, unaenda wapi?"

"Ninakuachia nyumba, mama."

"Nani alikuomba nyumba? Rudi ndani."

Akafungua mzigo wake, akatoa kitenge kilichofifia, kile alichojifunga siku ya kukimbia, akakikung'uta vumbi la Mugunga. Akaingia saluni kwa mlango wa jikoni, akapima kwa macho toka ukuta hadi ukuta.

"Mukitundike hapa katikati," alisema. "Kule ni kwenu. Upande huu ni Kalengera."

Akamshusha Jogoo chini, upande wake, karibu na mahali pa godoro. Cirimwami akaenda kuazima nyundo kwa jirani.